Kitabu cha ubatizo hakionekani: nkambo wangu nitamtafutia wapi?

SWALI: Jambo, Mzee wetu. Naandika kutoka Katuba, Lubumbashi. Nkambo wangu, mzazi wa baba, aliletwa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) akiwa kijana kutoka upande wa Lomami, akafanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba. Alifariki mwaka 1964, mimi sijazaliwa. Baba naye ameshatutoka. Nilienda parokia tunakosali nikaambiwa vitabu vya ubatizo vya kabla ya 1950 havipo. Nilienda komini (manispaa), nako wakasema hawana kitu juu yake. Nimebaki na picha moja ya nkambo, nyuma imeandikwa namba ya tarakimu tano kwa penseli, na shangazi mmoja yuko Likasi, ana miaka 80 na kitu. Nataka kujua alitoka kijiji gani na wazazi wake walikuwa nani. Je, njia imeishia hapa?

JIBU: Mama, njia haijaisha. Umebisha milango miwili, na hakuna hata mmoja kati yake uliokuwa wa kwanza. Mlango wa kwanza uko Likasi. Panda gari wiki hii, ni kilometa kama 120 tu. Naliweka hili mbele ya yote kwa sababu nimepokea watu wengi waliozunguka ofisi mwaka mzima huku mwenye habari amekaa nyumbani akiwangoja, na siku waliyomkumbuka walikuta matanga.

Ukifika, usimuulize shangazi nkambo alizaliwa lini. Hajui, na swali la namna hiyo humfanya mzee ajione hana faida, kisha anafunga kinywa. Muulize walikaa kambi gani, na jirani zao walikuwa watu wa wapi. Muulize nani alikuwa anakuja kulala kwao akitoka kijijini, na walizungumza lugha gani usiku watoto wakidhaniwa wamelala. Muulize mama yake alimwita baba kwa jina gani siku akikasirika, maana jina la hasira mara nyingi ndilo jina la nyumbani, lile ambalo mzungu hakuliandika. Muulize baba yake wa ubatizo na mama yake wa ubatizo, wa kwake na wa kila ndugu yake. Ukitaka miaka, mpe matukio: mgomo wa Desemba 1941, wafanyakazi walipopigwa risasi hapa Élisabethville, mwisho wa vita vya Hitler, Mfalme Baudouin alipokuja mwaka 1955, uhuru wa 1960, miaka ya Tshombe alipoitenga Katanga na Kongo. "Baudouin alipokuja ulikuwa umeanza masomo?" Hilo atakujibu bila kusita. Mwombe ruhusa urekodi sauti yake kwa simu, na usiizime hata akianza kuimba au kumlaumu wifi yake aliyekufa zamani. Majina ya vijiji hujificha humo.

Sasa jina. Hapa niliumia mimi mwenyewe: nilimtafuta mzazi wa mama yangu kwa miaka mitatu katika vitabu ambavyo alikuwamo, kwa sababu nilishikilia jina kama tulivyoliandika nyumbani. Mmisionari aliandika alichosikia. Ngoy anaweza kuwa Ngoie au N'Goi. Mwamba anaweza kuwa Muamba, na mkononi mwa padri Mflamandi ile sauti yetu ya "u" huenda ikawa "oe". Mtu wa Kasai akisema Tshilumba, wa Katanga atasema Kilumba, na karani wa tatu ataandika Chilumba. Kwa hiyo unaposoma kitabu usikimbilie herufi ya kwanza. Soma kila mstari kwa sauti, polepole, sikio litambue.

Kuna kosa lingine linalowapotosha vijana wengi: kutafuta "jina la familia". Wakati wa nkambo mtoto alipewa jina lake, la mjomba au la mzee aliyefariki au la namna alivyozaliwa, wala hakulazimika kubeba jina la baba. Ndugu watatu tumbo moja wangeweza kuwa na majina matatu yasiyofanana kabisa. Lakini mambo ya mwaka 1972 yanaweza kukusaidia. Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, kila mtu alitafuta majina ya asili ya kujazia, na wengi waliyachukua kwa wazee wa ukoo. Angalia karatasi za baba yako za baada ya mwaka huo. Lile jina lililoongezwa, ambalo labda nyinyi watoto mnaliona kama pambo, huenda ni la baba yake nkambo au la babu yake. Mweleze shangazi, umuulize lilitoka kwa nani.

Tuje kwenye kanisa, maana ndipo ulipokatia tamaa na ndipo mimi nina matumaini makubwa zaidi.

Umesema ulienda parokia "tunakosali". Mama, parokia mnakosali leo huenda haikuwepo nkambo alipobatizwa. Watawa Wabenediktini wa abasia ya Sint-Andries, Bruges kule Ubelgiji, walifika Katanga mwaka 1910, Wasalesiani mwaka 1911, na kwa muda mrefu misheni chache zilihudumia mji mzima na makambi yake. Parokia ilipogawanywa, kitabu cha zamani kwa kawaida kilibaki kwa parokia mama, parokia mpya ikaanza kitabu kipya. Kwa hiyo aliyekuambia kwamba vitabu vya kabla ya 1950 "havipo" huenda alisema kweli tupu: pale kwake havikuwahi kuwapo. Swali la kuuliza ni hili: kambi aliyokaa nkambo ilihudumiwa na misheni gani miaka ya 1930? Na kabla ya hilo, hakikisha alikuwa Mkatoliki. Wametodisti wako Katanga tangu zamani hizohizo na wana vitabu vyao, na wapo wanaume wengi waliofika Waprotestanti wakabadili dini kwa sababu ya mke au shule ya watoto.

Tuseme sasa kitabu chake kimeliwa na mchwa kweli, au kilipotea kwenye uporaji. Bado hatujashindwa, kwa sababu habari za ubatizo hazikukaa mahali pamoja. Sheria ya Kanisa iliyotoka mwaka 1917, ambayo bamupe (mapadri) wa wakati huo waliifuata, ilimtaka paroko kila mwisho wa mwaka apeleke kwa askofu nakala ya vitabu vyake vya ubatizo, ndoa na vifo. Si wote waliotimiza, lakini waliotimiza ni wengi kiasi kwamba ni lazima uulize katika kanseleri ya jimbo kuu, yaani ofisi ya nyaraka ya askofu mkuu, kwa barua, ukitaja misheni na miaka. Sheria hiyohiyo ilitaka mtu akifunga ndoa, ndoa iandikwe pembeni mwa mstari wake wa ubatizo; na kama alibatizwa mahali pengine, paroko wa ndoa atume habari kwa paroko wa ubatizo. Unaona inavyokwenda? Kama nkambo alibatizwa huko Lomami akafunga ndoa hapa, kitabu cha ndoa cha hapa kinatakiwa kionyeshe alikobatizwa. Na kama alibatizwa hapa kwenye kitabu kilichopotea, kitabu cha ndoa bado kinaweza kukupa tarehe ya ubatizo huo.

Halafu wapo watoto. Huu ndio mlango ambao watu husahau, kwa sababu akili yao yote imemganda marehemu. Shangazi yako na baba yako walibatizwa. Kila mstari wa ubatizo wa mtoto unataja baba, mama, baba au mama wa ubatizo, mahali na siku. Watoto sita ni mistari sita inayomtaja nkambo, kila mmoja umeandikwa mwaka tofauti na pengine kwa mkono tofauti. Mmoja utaandika jina vibaya, mwingine utaliandika vizuri, wa tatu utaongeza kabila au kijiji kwa sababu padri wa mwaka huo alipenda kuandika. Na tazama sana wazazi wa ubatizo. Mtu aliye mbali na kwao, katika kambi ya wageni, alimpa mtoto wake mtu wa kwao. Nimeona mara nyingi baba wa ubatizo ndiye aliyefungua kijiji: familia yake ilibaki na karatasi, ya kwetu haikubaki.

Vitabu vingi ni vya Kilatini, usiogope. "Patrinus" ni baba wa ubatizo, "matrina" mama wa ubatizo. "Circiter" au "circa" maana yake padri alikadiria umri, kwa hiyo usiufanye kuwa mwaka wa kuzaliwa. "In periculo mortis" maana yake alibatizwa akiwa hatarini kufa. Unapoona "infidelis" kwa mzazi, si tusi la kwako kubeba. Ni kusema tu hakubatizwa. Nakili mstari mzima pamoja na ya pembeni, na unakili pia mistari iliyo juu na chini yake. Watu wazima walibatizwa kwa vikundi baada ya mafundisho ya muda mrefu, na walioingia darasani pamoja mara nyingi walitoka kambi moja au safari moja ya kuandikishwa kazi.

Nenda asubuhi, ukiwa na barua iliyoandika majina na miaka unayotaka. Usiombe kushika kitabu. Mwombe sekretari akutafutie, ukae naye. Usipige picha bila kuruhusiwa. Vitabu hivi vina siri za watu walio hai, na sekretari anayekukatalia kwa ukali leo ni yuleyule atakayekuficha kesho usianikwe na mwingine.

Upande wa kampuni. Union Minière ilianzishwa 1906. Kuanzia 1910 kulikuwa na Bourse du Travail du Katanga iliyokusanya wanaume kwa ajili ya migodi, na Lomami ilikuwa shamba lake kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili mwendo: mikataba ya miaka mitatu, mke aletwe, watoto wazaliwe kambini. Kwa mtafutaji huu ni wakati wa baraka, kwa sababu tangu hapo kampuni ilimwandika mtu pamoja na nyumba yake, ili ijue posho ya kutoa. Faili la mfanyakazi linaweza kuwa na kijiji, chifu, teritware (eneo la utawala), jina la mke na la kila mtoto. Baada ya kutaifishwa mwaka 1967 mambo ya wafanyakazi yalirithiwa na kampuni iliyokuja kuwa Gécamines. Omba huko, ofisi ya wafanyakazi, ukitanguliza matrikule, yaani namba aliyopewa kazini, kama unayo. Jihadhari na kitu kimoja: mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliwarudisha vijijini wafanyakazi wengi sana, na baadhi waliitwa tena baadaye. Aliyerudi anaweza kuwa na faili mbili. Ukikuta moja inayoanza mwaka 1936, usiseme ndio mwanzo wake mjini.

Wengine hukimbilia kuandika Brussels. Ni kweli nyaraka za makao makuu ya Union Minière ziko katika Nyaraka za Taifa za Ubelgiji, na nyaraka za serikali ya kikoloni, zilizokaa miaka mingi kwenye Wizara ya Mambo ya Nje, zimekuwa zikihamishiwa hukohuko. Lakini za makao makuu kwa sehemu kubwa ni ripoti na barua za wakubwa. Kwa nkambo mmoja wa mgodini, anza hapa nyumbani. Brussels utaandika baadaye, ukishajua teritware, uombe ripoti za utawala za eneo hilo.

Karatasi moja ambayo sijaona mtu akiiwaza: pensheni ya mjane. Nkambo alifariki 1964. INSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ilikuwa imeshaanzishwa, tangu Juni 1961. Leo inaitwa CNSS. Kama mke wake alibaki hai na akadai haki yake, alitakiwa kuthibitisha ndoa, kifo na watoto. Uliza shangazi kama mama yake alikuwa anapanga mstari kupokea pesa za marehemu. Akisema ndiyo, kuna faili.

Komini nitapita haraka. Wamekuambia hawana kitu "juu yake", yaani walitafuta cheti cha kuzaliwa au cha kifo. Rudi uulize kiwanja. Kama nyumba ya Katuba ni ya nkambo, au aliishi kwanza komini ya Kamalondo au ya Kenya hapahapa mjini, kuna fiche parcellaire, karatasi ya kiwanja yenye majina ya waliokaa humo, na nyumbani pengine kuna livret de logeur, kijitabu cha mwenye nyumba, kilichosahauliwa chini ya sanduku. Ukihitaji hati ya kisheria kwa ajili ya urithi, mahakama inaweza kutoa jugement supplétif, hukumu inayochukua nafasi ya cheti kisichokuwapo, kwa ushahidi. Hiyo ni njia halali, itumie kwa kazi yake. Ila usiiweke kwenye faili la utafiti kana kwamba imetoka zamani: imeandikwa leo, kwa maneno yenu. Na akitokea mtu nje ya ofisi anayejua "kuitoa" karatasi ya mwaka 1938 kwa dola 50, mkimbie. Nimeona ukoo mzima ukigombana miaka kumi juu ya kijiji kilichobuniwa na mtu wa namna hiyo.

Lomami yenyewe ni neno pana, Mama. Ni mto. Ni moja ya wilaya nne za Katanga ya mwanzo ya kikoloni. Na tangu 2015 ni provensi yenye makao Kabinda. Mzee aliyesema "natoka Lomami" anaweza kuwa Msongye, Mluba au Mkanyok, na kijiji chake leo kinaweza kuwa nje kabisa ya provensi yenye jina hilo. Ndiyo maana lugha ya usiku niliyokutajia juu ni muhimu: ukijua kama nkambo alizungumza Kisongye au Kiluba, umeshapunguza ramani kwa zaidi ya nusu. Kwa sehemu kubwa ya upande huo wamisionari walikuwa Wascheut, shirika la Kibelgiji, walioingia Kasai mwaka 1891, na nyaraka za shirika lao ziko KADOC, kituo cha nyaraka kule Leuven, Ubelgiji. Ukishakuwa na jina la chifu, nenda UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, idara ya historia. Wanafunzi wa huko wameandika kazi nyingi za mwisho wa masomo juu ya usultani (eneo la chifu) mmojammoja, na mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 na ambao Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu ni mmoja wa nguzo zake, umekusanya kumbukumbu za watu wa makambi. Huenda usimkute nkambo wako kwa jina, lakini utakuta maisha yake.

Kuna jambo nalisema kwa uzito. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na miji mingine, wakapanda treni na walichoweza kubeba. Kama ndugu wa nkambo walikuwa miongoni mwao, sanduku la picha na karatasi huenda liko Mwene-Ditu au Mbujimayi sasa hivi, kwa binamu ambaye hamjaongea tangu siku hiyo. Muulize shangazi kwa upole ni nani waliondoka. Asipotaka kulizungumza, mwache, urudi siku nyingine. Wengine walizika watoto kwenye stesheni.

Imebaki namba nyuma ya picha. Tarakimu tano zinaweza kuwa matrikule ya nkambo, na zinaweza kuwa namba ya mpiga picha tu. Kabla hujaipeleka Gécamines, ijaribu hivi. Watoto wa kambi walitumwa kuchukua posho, na posho ilitolewa kwa namba ya baba. Nimekutana na wazee wasiokumbuka jina la mjukuu wao lakini namba hiyo wanaitamka kama sala. Ukiwa Likasi, acha picha kwenye mkoba. Muulize shangazi kwanza: "Mlipokwenda kwenye posho, mlikuwa mnasema namba gani?" Mwache aitamke mwenyewe, uiandike. Halafu ndipo utoe picha, uigeuze.